Sauti Iliyorejea Nyumbani

Mwezi wa Machi 1928 mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliondoka Unguja pamoja na wenzake, miongoni mwao Subeit bin Ambar, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban, wakakata bahari mpaka Bombay, si kwa tijara wala kwa matembezi, bali kwa kuwa mitambo ya kampuni ya His Master's Voice ya kunasia sauti ilikuwa huko, na zama zile sauti ndiyo iliyoifuata mashine. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilipokea kiasi cha dakika tatu kila upande, hata wimbo ambao barazani ungeendelea mpaka wasikilizaji wakinai ukapasiwa kukatwa kwa kadiri ya sahani. Na aliyeteleza katikati hakuwa na hila ila kuanza upya juu ya sahani nyingine ya nta.

Ilipita nusu karne kabla ya mashine kukubali kumfuata mwimbaji. Mwaka 1979 Wajapani wa Teac, kwa jina lao la Tascam, walitoa Portastudio 144, kisanduku kilichogawa utepe wa kaseti ya kawaida katika njia nne, ili mtu mmoja apige ala, kisha ajisikilize na kuimba juu yake. Mwanzoni mwa 1982 mwimbaji wa Marekani Bruce Springsteen aliitumia nyumbani kwake New Jersey kuandaa rasimu za nyimbo ambazo bendi yake ingezirekodi rasmi baadaye. Rasimu zile, pamoja na ukwaru wake, zikashinda kazi ya studio, zikatolewa mwaka uo huo kwa jina la Nebraska.

Kompyuta ilibisha hodi kwa adabu. Atari ST ya 1985 ilizaliwa na matundu ya MIDI, lugha ya vinanda vya umeme iliyoafikiwa 1983, lakini lugha hiyo haikuchukua sauti, ilichukua amri tu: bonyeza ufunguo huu, uachie sasa. Sauti yenyewe ni mzigo mzito, kwani kwa kipimo cha sidii hukatwa sampuli 44,100 kila sekunde, na dakika moja ya stirio hula takriban megabaiti 10.

Hata diski zilipopanuka, likabaki tatizo la kuchelewa, ambalo ndilo kiini cha mambo. Kompyuta huipokea sauti kwa shehena, kama hamali asiyeondoka bandarini mpaka mkokoteni wake ujae. Shehena ya sampuli 256 hujaa kwa karibu sehemu 6 katika elfu za sekunde, na mwimbaji hahisi kitu. Ya sampuli 1,024 hujaa kwa 23, na hapo, tukihesabu na safari ya kurudi, husikia sauti yake katika hedifoni ikimfuata nyuma kama mwangwi, akapoteza mahadhi. Mwaka 1997 kampuni ya Steinberg ya Hamburg ilitangaza ASIO, njia ya mkato iliyoiwezesha programu kusema na kadi ya sauti pasipo kupitia tabaka za mfumo wa kompyuta; kisha kadi yenyewe ikatoka tumboni mwa mashine, ikawa kisanduku cha mezani chenye waya wa USB, ambacho mafundi wetu hukiita saundikadi.

Kwa hiyo hustaajabu nimwonapo kijana akimaliza akiba yake yote kwa kompyuta yenye prosesa ya fahari, kisha maikrofoni akaichomeka katika tundu la hedifoni. Kompyuta ya miaka michache iliyopita, yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu, aghalabu humudu nyimbo za udi, fidla na sauti mbili bila kutweta. Fedha iende kwanza kwenye saundikadi yenye programu thabiti ya kuiendesha na umeme wa volti 48, ambao maikrofoni nyingi za kondensa haziwezi kuamka bila huo; inayosalia inunue mapazia mazito na magodoro ya kuegemeza ukutani ili kutuliza mwangwi wa chumba. Trei za mayai, zinazopendwa mno, hazizuii hata jogoo wa jirani.

Tena asidanganywe na wingi wa matundu ya saundikadi. Kwa mwimbaji mmoja na udi wake, mawili yanatosha.