Plastiki Ipitishayo Umeme: Historia na Istilahi Zake

Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba shaba ni kipitishi cha umeme na plastiki ni kihami. Ndiyo maana nyaya huvikwa plastiki. Kanuni hiyo ilitikiswa na utafiti ulioanzia Tokyo, na mfasiri anayeusimulia hana budi kuchunga maneno mawili.

La kwanza ni kichocheo. Mwaka 1967, katika maabara alimofanyia kazi Hideki Shirakawa, mtafiti mgeni alitia kichocheo kiasi cha mara elfu moja zaidi ya kipimo. Badala ya unga mweusi uliotarajiwa, ikapatikana filamu ya poliasetilini iliyong'aa kama fedha, ingawa haikupitisha umeme vizuri. Mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger waliitia filamu hiyo mvuke wa iodini. Upitishaji wake ukaongezeka mara milioni kumi. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1977, na mwaka 2000 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Iodini hapa si kichocheo. Kichocheo huharakisha mmenyuko nacho kisitumike. Iodini huipokonya polima elektroni na kubaki humo. Mfasiri akiviita vyote viwili kichocheo, msomaji ataamini kwamba kosa la 1967 ndilo lililoleta umeme. Kukoleza lingependeza, laiti ukolezi usingekwisha kushika maana nyingine katika vitabu vya kemia. Tunapendelea utiaji, neno lisilo na madoido.

Kwa kuwa polima hiyo huweza kutoa elektroni na kuzipokea tena, mwaka 1981 MacDiarmid na wenzake walionyesha kuwa yafaa kuwa elektrodi ya betri ya kuchajiwa. Hata hivyo poliasetilini huharibiwa na hewa, na polima nyingine zikatafutwa.

Neno la pili ni jina la taaluma yenyewe. Wanakemia wa Ulaya waliviita viini vya aina hii kwa jina la viumbe, wakidhani kwamba viumbe pekee ndivyo viwezavyo kuviunda. Mwaka 1828 Friedrich Wöhler akatengeneza urea maabarani. Dhana ikadhoofika, jina likabaki. Nasi tunacho kilimo hai, na kinaeleweka. Lakini elektroniki hai? Msomaji atamtafuta mdudu ndani ya redio. Asili nalo halifai, maana polima hizi ni kazi ya maabara. Yafaa tuseme elektroniki ya kikaboni, kwani kaboni ndiyo uti wa mgongo wa molekuli zake.