Hofu ya VVU Baada ya Dhambi Iliyokwisha Kuungamwa

Muungamaji aweza kurudia dhambi ileile ya uzinzi mara nyingi, ilhali ilikwisha kuondolewa, kwa sababu kinachomkosesha usingizi ni hofu ya VVU. Kitubio huondoa dhambi; hakipimi damu.

Ikiwa saa 72 hazijapita tangu tendo hilo, aende leo kituo cha afya, asingoje Jumapili: zipo dawa za kinga, zinazomezwa kwa siku 28. Zikiwa zimepita, iwe Kasulu au Kibondo, njia iliyobaki ni kupima. Kipimo cha mapema chaweza kukosa maambukizi mapya, hivyo hurudiwa miezi mitatu baada ya tendo. Kisipoonyesha virusi, wala hapakuwa na tendo jingine, hofu hiyo haina msingi tena. Homa na kukonda si majibu. Huku kwetu malaria nayo ipo.

Sheria ya mwaka 2008 hulinda siri ya mpimwaji. Anayekutwa na VVU hupewa dawa bila malipo, na azitumiaye vema huishi miaka mingi.

Mwenye ndoa amwambie mwenzake mwenyewe. Padre hawezi kumsemea, kwa maana siri ya maungamo haivunjwi.