Mawese, sabuni na soda: yale ya kujua juu ya asidi palmitiki

Ndani ya mafuta ya mawese kuna kitu ambacho wataalamu wanaita asidi palmitiki. Jina linatisha, lakini chenyewe hakichomi mtu. Kinachochoma ni moto na soda kostiki, vitu viwili ambavyo wakaaji wengi wa mashariki mwa Kongo wanatumia wakipika ao wakitengeneza sabuni nyumbani. Ukurasa huu unaeleza asidi hiyo ni nini, inafanya nini ndani ya bidoni yako, na namna ya kufanya kazi nayo bila kuumia.

Ni kitu gani?

Mafuta yote, yawe ya mawese, ya karanga ao ya ng'ombe, yamejengwa kwa asidi za mafuta. Kwa kawaida asidi hizo hazikai peke yake. Zimefungwa tatu tatu kwenye kitu kingine kinachoitwa gliserini. Asidi palmitiki ni moja kati yao, na jina lake linatokana na mti wenyewe, ule ambao kwa Kifaransa tunaita palmier. Mwanakemia Mfaransa Edmond Frémy aliitenga kutoka katika mawese mwaka wa 1840.

Katika mawese inachukua karibu asilimia 44 ya asidi zote za mafuta. Inayofuata ni asidi oleiki, karibu asilimia 39. Lakini asidi palmitiki iko pia katika siagi, katika nyama, hata katika maziwa ya mama.

Ikiwa safi, ni kitu cheupe na kigumu, mfano wa buji. Molekuli yake ina kaboni 16, hidrojeni 32 na oksijeni 2. Inayeyuka kwenye digri 63 hivi. Haichanganyiki na maji, inaelea juu. Kwa hiyo neno "asidi" lisimtie mtu woga: hii si asidi ya batri ya gari. Ukiigusa kwa kidole, haikuunguzi.

Kwa nini mawese yanaganda Bukavu na si sana Uvira?

Wachuuzi wanaopandisha mawese kutoka Fizi na Uvira wanajua jambo hili. Kule chini, kando ya Ziwa Tanganyika, mafuta yanamwagika vizuri. Yakifika Bukavu ao Butembo, kwenye baridi, yanakuwa mazito, tena asubuhi yamekauka kabisa ndani ya bidoni.

Sababu ni asidi palmitiki. Sehemu za mafuta zenye asidi hiyo nyingi zinakuwa ngumu upesi, na zile zenye asidi oleiki nyingi zinabaki maji. Njo maana hata kule kwenye joto unaona tabaka mbili: chini mazito yenye rangi hafifu, juu maji mekundu.

Kuganda peke yake si alama ya kwamba muuzaji amechanganya kitu. Ila mnunuzi anayepimiwa ya juu tu, na yule anayepimiwa ya chini tu, hawapati mafuta sawasawa. Ni vema kuyayeyusha na kuyakoroga kwanza, kiisha kupima. Kwa kuyeyusha, fungua kifuniko, halafu weka bidoni ndani ya beseni la maji ya moto. Usiweke bidoni ya plastiki karibu na makala yanayowaka. Plastiki inaachia, mafuta yanamwagikia moto, na nyumba inashika.

Mawese yanaharibika namna gani?

Mara tu ngazi inapopondeka ao kuchubuka, kimeng'enya kilicho ndani yake kinaanza kufungua asidi kutoka kwenye gliserini. Asidi zilizofunguliwa zinaitwa asidi huru. Zikiwa nyingi, ladha inakuwa kali kooni na bei inashuka. Kanuni za kimataifa za chakula, Codex, zinaweka mpaka wa mawese ya kula kwenye karibu asilimia 5 ya asidi huru.

Mkamuaji anaweza kufanya mambo manne:

- Asiache mikungu iliyokatwa ikae siku nyingi chini kabla ya kuipika. Kuchemsha ngazi si kwa kuilainisha tu. Joto linaua kile kimeng'enya.
- Akaushe mafuta vizuri baada ya kukamua. Maji yanayobaki chini ya bidoni yanaendeleza uharibifu.
- Atumie bidoni safi, kavu na iliyofungwa, mbali na jua. Chombo cha chuma chenye kutu ao cha shaba kinaharakisha kuchacha.
- Asimimine mafuta mapya juu ya mabaki ya zamani.

Mafuta yenye asidi huru nyingi hayarudi kuwa mazuri kwa kuyapika tena. Lakini hayatupwi: yanafaa sabuni.

Hatari ya kwanza: moto

Mawese yakipita kiasi cha joto yanatoa moshi unaowasha macho na koo. Kuyapika mpaka yapoteze wekundu kunaharibu pia ile rangi ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Moshi ukianza kutoka, punguza moto.

Mafuta yakishika moto ndani ya sufuria, usimwage maji hata kidogo. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke mara moja, na litri moja ya maji inatoa zaidi ya litri 1,600 za mvuke. Mvuke huo unarusha mafuta yanayowaka mpaka kwenye dari na usoni. Funika sufuria kwa kifuniko, ondoa kuni ao makala ikiwezekana bila kujichoma, na uache ipoe yenyewe. Usibebe sufuria inayowaka kuitoa nje.

Hatari ya pili: soda ya sabuni

Sabuni inapatikana wakati soda kostiki inapokamata asidi za mafuta. Gliserini inaachiliwa, na asidi palmitiki inageuka sabuni ngumu, isiyoyeyuka upesi kwenye maji. Mawese yanapendwa katika kazi hii kwa sababu hiyo.

Hapa kipimo ndicho kinacholinda ngozi. Kilo moja ya mawese inaomba karibu gramu 141 za soda safi ili asidi zote zigeuke sabuni. Wengi wanapunguza mpaka gramu 134, ili mafuta kidogo yabaki na sabuni isikwaruze mikono. Maji ni karibu gramu 300. Soda ikizidi, inabaki ndani ya sabuni na kuchoma mikono ya wanaofua na ngozi ya watoto. Basi tumia mizani. Usipime kwa kopo, kwa sababu soda yenye vipande vikubwa na ile ya unga hazijazi kopo sawa. Tena soda iliyokaa wazi inavuta maji ya hewani na kupoteza nguvu.

Wakati wa kazi:

- Fanya nje ao mahali penye hewa, watoto na mifugo wakiwa mbali.
- Vaa ganti za mpira, miwani ya kufunika macho, mikono mirefu na viatu vilivyofunga.
- Mimina soda polepole ndani ya maji baridi. Usimimine maji juu ya soda: inachemka ghafla na kuruka. Mchanganyiko wenyewe unaweza kupita digri 80 bila moto wowote.
- Usitumie sufuria ya alminiamu. Soda inaila na kutoa gesi ya hidrojeni, ambayo inashika moto. Tumia chuma kisichoshika kutu ao plastiki nzito.
- Usiweke kamwe maji ya soda ndani ya chupa ya juisi ao ya maji ya kunywa. Mtoto haoni tofauti, na kumeza kidogo tu kunaweza kuunguza koo na kulifunga kwa maisha yote.

Sabuni ikishakatwa, iache ikauke wiki nne hivi kabla ya kuiuza.

Mtu akichomwa na soda

Kwenye ngozi: kama ni unga, upangushe kwanza kwa kitambaa kikavu. Kiisha vua nguo zilizolowa na uoshe kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 ao zaidi. Usipake mawese, dawa ya meno, limao wala siki.

Kwenye jicho: fungua kope na umwagie maji safi polepole, dakika 20 ao zaidi, na uendelee hata njiani ikiwezekana. Kila jicho lililoingiwa na soda ni la kupeleka kwenye kituo cha afya siku ileile, hata kama maumivu yamepungua.

Akiwa amemeza: msukutue mdomo kwa maji, usimtapishe, usimpe limao, siki wala mafuta. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chombo chenye alama ya kilichomezwa. Kumtapisha ni kupitisha soda kooni mara ya pili.

Na ule unga mweupe wa asidi palmitiki?

Kuna wenye kutengeneza buji, sabuni na mafuta ya kupaka ambao wananunua asidi hii ikiwa tayari imesafishwa, kama unga ao vipande vyeupe. Hatari yake ni ndogo, lakini iko. Vumbi lake linawasha macho, na likijaa hewani ndani ya chumba linaweza kushika moto. Fungua mfuko taratibu, mbali na buji na sigara. Ukiyeyushwa unaunguza ngozi kama mafuta yoyote ya moto. Ukimwagika, sakafu inateleza: fagia, kiisha osha kwa maji ya moto na sabuni. Mabaki ya mafuta yasimwagwe mtoni ao ziwani, maana yanafunika maji na kuwanyima samaki hewa.

Kabla ya kuanza kazi

Yaandae haya matano na uyaweke karibu: mizani, ganti, miwani, kifuniko cha sufuria, na ndoo ya maji safi ya kuoshea ngozi na macho. Kama moja halipo, kazi ya sabuni inaweza kungoja mpaka kesho.