Mostar, Mji wa Walinzi wa Daraja

Msafiri anayetoka pwani ya bahari ya Adriatiko na kupanda bonde la mto Neretva anaingia polepole katika inchi ya mawe. Milima ni myeupe na mikavu, na miti ni mifupi; kando ya mto tu watu wanapanda mizabibu, mitini na mikomamanga. Kisha anafika Mostar, mji mkubwa wa jimbo linaloitwa Herzegovina. Mji umekaa pande mbili za mto, na katikati yake ni daraja moja la mawe, jembamba, lenye upinde mmoja tu. Linavuka maji yote pasipo nguzo hata moja mtoni. Kila upande wa daraja unasimama mnara wa kale.

Mji wenyewe ulipata jina lake kwa daraja. Katika lugha ya inchi ile «most» ni daraja, ama kilalo kama wasemavyo watu wa Katanga, na «mostari» ndio walinzi wa daraja. Miji mingi ya Ulaya inaitwa kwa jina la mtakatifu, la mfalme au la mlima. Huu umeitwa kwa jina la wafanyakazi waliolinda njia ya watu wengine.

Waturuki walipoitwaa sehemu ile katika mwaka 1468, walikuta pale daraja la mbao lililotundikwa kwa minyororo. Watu waliopita juu yake waliliona likitikisika chini ya miguu yao. Sisi tunaojua madaraja ya kamba katika vijiji vyetu hatuna haja ya kuelezwa hofu ile. Wenyeji walimwomba Sultani Suleimani awajengee daraja imara, naye alikubali. Kazi ilianzwa katika mwaka 1557 chini ya fundi Mimar Hayruddin, mwanafunzi wa Sinan, yule fundi mkubwa wa Istanbul. Ilimalizika katika mwaka 1566, ndio mwaka Sultani mwenyewe alipokufa.

Wazee wa Mostar wanasimulia ya kuwa Sultani alimtisha Hayruddin: daraja likianguka, nawe utakufa. Siku ya kuondoa miti iliyoshikilia upinde, fundi alikwenda kando kujichimbia kaburi. Hii ni hadisi, si historia. Lakini inatuonyesha jinsi watu wenyewe walivyostaajabu kuona mawe yale yamesimama. Maana upinde ni mrefu, karibu metri 29 kutoka ngambo hata ngambo, na wakati wa kiangazi maji ni metri 20 hivi chini yake. Mafundi walichonga mawe 456 ya upinde, ya namna inayoitwa tenelija, mawe meupe-meupe yasiyo magumu kuchongwa. Waliyafunga jiwe kwa jiwe kwa vyuma, halafu wakamimina risasi iliyoyeyushwa katika matundu, kusudi vyuma visicheze wala visiingiwe na maji. Kazi ya namna ile ilidumu miaka 427.

Daraja lilileta soko, na soko lilileta mji. Kando yake walikaa wafua fedha na watengeneza ngozi. Misikiti ilijengwa, wa Karađoz-beg katika mwaka 1557, na ule wa Koski Mehmed-paša, unaotazama mto, mwanzoni mwa karne ya 17. Vitu vingi vya mji vilisimama kwa wakfu: tajiri anatoa maduka au mashamba yake kwa Mungu, na kodi yake inalisha shule, inatengeneza msikiti, inalipa gharama za daraja. Padri aliyekwisha kusumbuka na matengenezo ya misioni pasipo kuwa na feza atafahamu upesi hekima ya desturi hiyo.

Kuna jambo dogo litakalowafurahisha wasomaji wetu. Waturuki waliacha katika lugha ya Wabosnia maneno mengi ya Kiarabu. Na Kiswahili chetu vilevile kilipokea maneno ya Kiarabu, kwa njia nyingine kabisa. Basi watu wale duka wanaliita dućan, sanduku ni sanduk, kahawa ni kahva, na mnara wa saa ni sahat-kula. Hata Wakristu wa kule wanatumia mengi ya maneno hayo, wala hawafikiri kwamba wanasema lugha ya msikitini.

Lakini Wakristu waliishi namna gani chini ya Sultani? Hapa ndipo tunapaswa kusema yote, mazuri na mabaya. Katika mwaka 1463, Sultani Mehmed II alipoishinda Bosnia, padri Anđeo Zvizdović wa shirika la Wafransisko alikwenda mbele yake kuomba amani kwa ajili ya waamini. Katika konventi ya Fojnica Wafransisko wanatunza hata leo barua inayowapa ruhusa kukaa katika inchi pasipo kusumbuliwa, wala makanisa yao yasiguswe. Wenye elimu wanabishana kama karatasi ile ndiyo yenyewe ya kwanza ama ni nakala. Jambo moja halibishaniwi: Wafransisko walikaa. Walikaa zaidi ya miaka 400 chini ya utawala wa Kiislamu.

Walikaa kwa shida. Wakristu walilipa kodi ambayo Waislamu hawakulipa, kujenga kanisa jipya kulitaka ruhusa iliyokuwa ngumu kupata, kengele ilinyamazishwa, na katika sehemu nyingi za Balkani watoto wa kiume wa Wakristu walichukuliwa kwa nguvu, wakageuzwa Waislamu na kufanywa askari au wakubwa wa Sultani. Mapadri walitembea wamevaa kama watu wa kawaida, na waamini, kusudi wasiwataje wazi, waliwaita «ujak», maana yake mjomba, ndugu ya mama. Sidhani kwamba padri yeyote wa Ulaya amepata jina lililo karibu zaidi na moyo wa watu. Kwetu, ambako mjomba ana neno kubwa katika ukoo, halihitaji maelezo.

Mwishoni mambo yalilegea. Kanisa la Watakatifu Petro na Paulo la Wafransisko lilijengwa Mostar katika mwaka 1866, Waturuki wangali watawala. Katika mwaka 1878 inchi iliingia mikononi mwa Austria, na katika mwaka 1881 Baba Mtakatifu Leo XIII alisimamisha tena maaskofu wa majimbo, na Mostar ilipata askofu wake.

Karne ya 20 haikuwahurumia watu wa Neretva. Jina moja la wakati wa vita vya pili vya dunia linastahili kujulikana katika seminari: Alojzije Mišić, askofu wa Mostar. Watawala Wakroati wa kundi la Ustaša walipokuwa wakiwaua Waserbia, watu wa Eklezya ya Ortodoksi, na kuwatupa katika mashimo ya mawe, askofu huyu hakunyamaza. Katika Novemba 1941 alimwandikia Askofu mkuu Stepinac wa Zagreb kumweleza maovu yale. Wauaji walikuwa wakatoliki. Alijua, aliandika. Miaka michache baadaye, vita vikikaribia kwisha, Wafransisko wengi wa Herzegovina waliuawa na jeshi la wakomunisti. Damu ile nayo isisahauliwe.

Sasa tufike kwenye mwaka 1992. Yugoslavia ilipovunjika, jeshi lake pamoja na Waserbia lilipiga Mostar kwa mizinga. Nyumba ya askofu iliungua pamoja na vitabu vyake, na kanisa la Petro na Paulo likabomolewa. Waserbia walipofukuzwa, kanisa kubwa la Waortodoksi nalo liliharibiwa katika Juni mwaka ule. Wakati ule Wakroati na Waislamu walikuwa upande mmoja. Tarehe 9 Mei 1993 waligeukana. Waislamu wengi wa ngambo ya magharibi walitolewa nyumbani mwao na kusukumwa kuvuka mto, na wanaume walifungwa makambini. Daraja la Hayruddin lilikuwa njia ya kuchotea maji, ya kupeleka chakula na pia ya askari. Watu walilifunika kwa mbao, mabati na matairi ili kulikinga. Tarehe 8 Novemba kifaru cha jeshi la Wakroati kilianza kulipiga. Asubuhi ya tarehe 9 lilianguka mtoni. Siku ileile, miaka 4 mbele, watu wa Berlin walikuwa wamefungua ukuta wao.

Wengi wa waaskari wale walikuwa wamebatizwa katika Eklezya yetu, na baadhi yao walivaa rozari. Katika vitabu vya historia tulivyosoma, Mturuki ndiye mbomoaji na Mkristu ndiye mwenye kubomolewa; mara nyingi ilikuwa hivyo kweli. Huko Mostar Mwislamu alijenga na Mkristu alibomoa. Askofu mkuu Vinko Puljić wa Sarajevo aliikataa wazi siasa ya kuigawanya inchi kwa makabila, lakini wenye mizinga hawakumsikia.

Mambo haya yalifika mbele ya korti ya La Haye. Katika mwaka 2013 wakubwa 6 wa Wakroati wa Bosnia walihukumiwa. Katika rufani ya mwaka 2017 waamuzi walithibitisha adhabu zao, miaka 10 hata 25, kwa ajili ya maovu mengi waliyotendewa Waislamu; lakini juu ya daraja wenyewe walisema kwa wingi wa sauti kwamba, kwa kuwa jeshi lilipita pale, sheria ya vita iliruhusu kulipiga. Mwamuzi mmoja hakukubali. Naona mimi kwamba hukumu hiyo inafaa kusomwa darasani, pale wanapofundisha tofauti ya kitu kilichoruhusiwa na sheria na kitu kilicho chema.

Katika mwaka 1997 wapiga mbizi wa jeshi la Hungaria walitoa mawe mtoni. Mengi hayakufaa tena, basi walichonga mengine ya tenelija kutoka machimbo ya karibu, kwa vyuma na risasi kama zamani. Daraja lilifunguliwa tarehe 23 Julai 2004, na mwaka uliofuata Unesco iliandika sehemu ile katika urithi wa dunia.

Watu ni vigumu zaidi kuungana kuliko mawe. Kwa miaka 12, tangu 2008 hata 2020, mji haukuweza kuchagua baraza lake, kwa sababu ya mabishano ya kugawana viti. Katika jengo moja la shule ya sekondari watoto wa Wakroati na watoto wa Waislamu wanasoma chini ya programu mbili. Juu ya kilima Hum wakatoliki walisimamisha msalaba mkubwa katika mwaka 2000, na mnara mpya wa kengele wa Wafransisko una urefu wa metri 107. Waislamu wengi hawauoni msalaba ule kama alama ya Mwokozi, maana kilima kile kilikuwa mahali pa mizinga.

Wahujaji wanaokwenda Međugorje, kilometri 25 hivi, wanapitia Mostar kwa nusu siku. Wanaonunua vikombe vya shaba vya kahawa ni wengi. Wengine wanangoja kuona vijana wakijitupa kutoka juu ya daraja katika maji ya baridi kali, desturi ya miaka mingi. Mwenye kushuka polepole, kwa sababu mawe ya njia yanateleza, ataona karibu na daraja jiwe dogo lililoandikwa kwa rangi nyeusi: usisahau 93. Maneno yale hayakuandikwa katika lugha ya mji. Yameandikwa kwa Kiingereza, kusudi wageni wayasome.