Nikstamali: Mahindi ya Chokaa

Istilahi nikstamali asili yake ni Kinahuatl, lugha ya Waazteki wa Meksiko: nextli ni majivu, tamalli ni donge la mahindi. Hutaja mahindi makavu yaliyochemshwa kwa maji ya chokaa, yakalazwa humo usiku kucha, yakaoshwa mpaka maganda yakatoka, kisha yakasagwa yangali na maji.

Nilipokula taco kwa mara ya kwanza, katika mkahawa mmoja wa Kimeksiko jijini Nairobi, mwenzangu, mtu wa Lamu, hakujishughulisha na nyama wala pilipili. Aliichukua tortila, chapati nyembamba ya nikstamali inayofungia nyama, akaikunja, akaikunja tena. “Huu ni unga wa mahindi kweli? Mbona haukatiki?”

Ana haki ya kuuliza. Kanda sembe kwa maji uisukume kama chapati, itapasuka kabla ya kufika kikaangoni, kwa kuwa mahindi hayana mnato wa ngano. Chokaa hulegeza kuta za punje, ikatoa gundi iliyomo. Gundi hiyo na wanga ulioiva nusu ndivyo vinavyolishika donge.

Faida kubwa zaidi haionekani sahanini. Niasini, vitamini iliyomo katika mahindi, imefungwa kiasi kwamba tumbo hushindwa kuipata, chokaa huifungua. Wazungu waliyachukua mahindi, mapishi wakayaacha. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal alieleza, huko Asturias nchini Uhispania, ugonjwa wa kuchubuka ngozi uliokuja kuitwa pelagra. Ukawaandama maskini walioishi kwa mahindi, Italia hadi kusini mwa Marekani, na ilipofika 1937 ndipo niasini ikatambuliwa kuwa tiba.

Sasa nikstamali tuiiteje kwa Kiswahili? “Mahindi yaliyokobolewa” naikataa. Kukoboa ni kuondoa ganda tu, kama Wakamba wafanyavyo kwa muthokoi, na niasini hubaki ilivyofungwa. “Mahindi ya magadi” nayo inapotosha: magadi tunayotia kwenye maharage ni ya sodiamu, chokaa ni ya kalsiamu. Kwangu mimi, kitendo kiitwe kulaza chokaani, na kinachopatikana kiitwe mahindi ya chokaa. Neno nikstamali libaki kwa vitabu vya kemia.

Na msomaji anayeijua chokaa ya kupaka ukutani tu, asishtuke. Awaulize watafunaji tambuu wa Lamu na Mombasa: chokaa wanayopaka kwenye jani ni kemikali ileile iliyomo katika sufuria ya Meksiko.