Jinsi ya kuchagua mvinyo wa kuandamana na samaki wa moshi

SAMAKI aliyekaushwa kwa moshi huwa na mambo matatu yanayotatiza uteuzi wa mvinyo: chumvi, mafuta na moshi wenyewe.

Mvinyo mwekundu aghalabu haumfai. Mnamo 2009, watafiti wa Japani walibaini kuwa madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo ndiyo huzua ladha ya shombo mdomoni unaponywewa pamoja na samaki. Mvinyo mwekundu kwa kawaida huwa na madini hayo kwa wingi kuliko mweupe.

Mvinyo mweupe wenye uchachu hufanya kazi ya ndimu: hukata mafuta na kuuacha ulimi safi. Kwa samoni aliyetiwa moshi usio na joto, ambaye nyama yake hubaki laini, hufaa Chablis au Champagne isiyo na sukari nyingi, zote za Ufaransa.

Vibua wana mafuta mengi na hushika moshi mkali. Hawa huhitaji Riesling ya Ujerumani yenye utamu kidogo, kwani utamu hutuliza chumvi. Fino ya Jerez, Uhispania, yenye kileo cha asilimia 15 hivi, pia huwamudu.

Uepukwe mvinyo uliokomazwa katika mapipa mapya ya mwaloni, kwa kuwa ladha ya mti hushindana na ya moshi.

Anayeshikilia mwekundu na achague Pinot Noir mwepesi, aupoze kidogo kabla ya kuuandaa.