Mkeka Kando ya Kitanda: Uaminifu wa Ndoa katika Historia ya Hospitali Zetu



Vijana wapendwa, jioni kabla ya giza kuingia, katika njia zetu za Rwambuzi hukosi kumwona mtu anayeelekea hospitali akiwa na chungu kilichofungwa kwa kikwembe, ndoo, na mkeka uliokunjwa. Hatumwulizi aendako, mkeka umekwisha kutujibu. Huyo ni mlinzi wa mgonjwa, yule tuliyezoea kumwita kwa Kifaransa garde-malade. Atalala sakafuni kando ya kitanda. Alfajiri atapika uji, atafua mashuka, atapeleka karatasi ya daktari kwenye duka la dawa. Na usiku wa manane ndiye atakayekwenda kumwamsha muuguzi. Ikiwa mgonjwa ni mume wake au mke wake, kazi hiyo yaweza kuendelea majuma mengi, hata miezi.

Wakristu wanapofunga ndoa huahidiana uaminifu katika afya na katika ugonjwa. Siku ya arusi neno hilo la pili hupita upesi, kwa maana bwana arusi na bibi arusi ni vijana wenye nguvu. Leo tunataka kulisimamia neno hilo kidogo na kuliuliza historia ya nchi yetu: ugonjwa mrefu uliwatendea nini watu wa ndoa, nao walijibu namna gani?

Wakati wa lazareti

Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale uliua watu wengi sana katika bonde la Kongo na kando ya maziwa makuu. Kati ya mwaka 1903 na 1905, madaktari Dutton na Todd kutoka Uingereza walizunguka katika Kongo ya Mfalme Leopold II ili kuuchunguza. Dutton mwenyewe hakurudi kwao: alifariki Kasongo mwaka 1905 kwa homa aliyoipata kazini. Walifundisha kwamba mgonjwa aweza kutambuliwa mapema kwa kupapasa tezi za shingo. Serikali ikaamua kuwatenga wagonjwa katika makambi yaliyoitwa lazareti. Moja lilikuwa Ibembo, kando ya mto Itimbiri, kaskazini mwa nchi.

Tufikirie nyumba moja ya wakati ule. Mume bado analima, bado anacheka na watoto wake. Anapapaswa shingo, tezi inaonekana imevimba, naye anapelekwa mbali. Mkewe hajui atarudi lini. Dawa iliyokuwapo, atoksili, ilitokana na sumu ya aseniki. Iliwasaidia wengine, lakini iliwapofusha baadhi ya waliopewa. Wengi walioingia lazareti walifia humo. Mwanahistoria Maryinez Lyons, aliyechunguza habari za ugonjwa huo kaskazini mwa Kongo, ameonyesha jinsi watu walivyoyaogopa makambi hayo kama magereza ya kufia, walivyokimbia waliposikia kwamba daktari anakuja, na walivyowaficha wagonjwa wao.

Tusiwahukumu madaktari wale kwa haraka. Waliogopa kwamba ugonjwa ungemaliza vijiji vyote, na hawakuwa na silaha nyingi. Lakini tuone kosa lililojificha ndani ya nia yao njema: waliona mgonjwa, hawakuona ndoa. Malale huenezwa na mbung'o, si kwa kushikana mikono. Hata hivyo mtu alitolewa katika nyumba yake kana kwamba hakuwa na mtu wa kumlilia. Matunda yake ni kwamba mke aliyempenda mumewe aliona kumficha ndiyo njia pekee ya kubaki naye. Upendo, uliopaswa kumleta mgonjwa kwenye dawa, ulimkimbiza mbali na dawa. Baadaye, katika miaka ya 1920, ilipopatikana dawa mpya na vikundi vya waganga vikaanza kuwatibu watu huko huko vijijini, wagonjwa wengi waliweza kutibiwa bila kuondolewa kwao.

Hospitali yenye jiko

Hospitali zilizokuja baadaye, za serikali, za kampuni na za misheni, zilijifunza kuishi na jamaa za wagonjwa. Nyuma ya majengo kulikuwa na mahali pa kupikia, kamba za kuanikia nguo, na mti wa kukaa chini yake mchana. Kwa upande mmoja ulikuwa upungufu: hospitali haikuwa na chakula wala watumishi wa kutosha, na ndivyo ilivyo bado mahali pengi. Kwa upande mwingine ilikuwa hekima, kwa sababu mgonjwa alibaki kuwa mume wa fulani, mke wa fulani.

Sisi watu wa Ituri tunaijua Nyankunde, kusini-magharibi mwa Bunia, ambako misheni za ndugu zetu Waprotestanti ziliungana katika miaka ya 1960 kuanzisha kituo kikubwa cha matibabu, pamoja na daktari Carl Becker, Mmarekani aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Oicha. Wagonjwa walifika hapo kutoka mbali, wakiwa na walinzi wao. Tarehe 5 Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa, na wagonjwa waliuawa hata vitandani. Wengi waliookoka, watumishi wa hospitali na wagonjwa na jamaa zao, walitembea siku nyingi hadi Oicha, zaidi ya kilomita 100. Mwaka uliofuata vita viliingia Bunia yenyewe. Madaktari Wasio na Mipaka wakafungua hospitali ambayo wazazi wetu wanaikumbuka kwa jina la Bon Marché, na humo pia mikeka ilitandikwa kando ya vitanda. Kulala karibu na mgonjwa katika siku zile kulikuwa ni kuchagua kutokimbia peke yako.

Ukuta unaoonyesha uso

Kisha ikaja Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Kivu ya Kaskazini, ikaingia kwetu Ituri, na haikutangazwa kuwa imekwisha hadi tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 3,400 waliugua na zaidi ya 2,200 walifariki. Safari hii kutenga kulikuwa na sababu ya kweli kabisa: Ebola huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa, na anayemwosha ndiye hupatikana kwanza. Mlinzi wa mgonjwa, mtu tuliyemsifu tangu mwanzo, alikuwa katika hatari kuliko wote.

Hofu ya zamani ikarudi. Mke alimwona mumewe akiingizwa na watu waliofunikwa uso na mwili, kisha hakumwona tena. Alibaki na habari, na uvumi ukajaza nafasi. Watu wakawaficha wagonjwa. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa.

Na wakati huo huo dawa ilikuwa inakaribia. Kuanzia Novemba 2018 dawa nne zililinganishwa katika vituo vya Kivu ya Kaskazini, kazi aliyoshiriki kuiongoza Profesa Jean-Jacques Muyembe, mwana wa nchi yetu. Mwezi Agosti 2019 ikaonekana kwamba mbili kati yake ni bora. Moja ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995. Miongoni mwa waliopewa hizo mbili, theluthi moja hivi walifariki, ambapo kwa dawa nyingine ilikuwa nusu hivi. Lakini kwa wale waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, aliyefariki alikuwa karibu 1 kati ya 10. Maana yake ni hii: kila siku ambayo mgonjwa alifichwa nyumbani kwa upendo, upendo huo ulikuwa unamwondolea uhai.

Ni nini kilichosaidia kuondoa hofu? Mambo mengi, sisi tutaje mawili. La kwanza ni chumba chenye kuta za plastiki angavu, kilicholetwa na shirika la ALIMA. Muuguzi aliweza kumhudumia mgonjwa akiwa nje, kwa kuingiza mikono katika glovu zilizoshonwa ukutani. Na mke aliweza kuketi hatua moja kutoka kwa mumewe, wakatazamana na kuzungumza. La pili ni waliopona. Kwa kuwa mwili wao ulikuwa umepata kinga, baadhi yao waliingia vituoni kuwalisha wagonjwa, kuwaosha na kuwapakata watoto. Walikuwa walinzi wa wagonjwa kwa niaba ya wale waliozuiwa kuingia.

Tangu Ibembo hadi Beni ilipita zaidi ya karne moja, na somo ni lile lile. Mwenzi wa mgonjwa si mgeni wa kuvumiliwa hospitalini. Akifukuzwa bila neno, atamficha mgonjwa. Akipewa nafasi ya kuuona uso, yeye mwenyewe atamleta. Nasi upande wetu tujifunze kwamba uaminifu si kugusa tu. Yule aliyeketi nje ya ukuta wa plastiki, akatii agizo la muuguzi na asiondoke, alitimiza ahadi yake ya ndoa sawa na yule aliyelala juu ya mkeka.

Nani anabeba mkeka?

Msamaria Mwema hakumfikisha majeruhi katika nyumba ya wageni akaondoka papo hapo. Luka anasema alimtunza, na ni siku ya pili yake ndipo alipotoa fedha akamkabidhi kwa mwenye nyumba. Basi alikesha usiku mmoja. Papa Yohane Paulo II aliutafakari mfano huo katika barua yake juu ya mateso, Salvifici Doloris, ya tarehe 11 Februari 1984, na tangu mwaka 1993 Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani kila tarehe hiyo.

Lakini tuseme ukweli kati yetu. Mume akiugua, mkeka hubebwa na mkewe. Mke akiugua, mara nyingi mkeka hubebwa na mama yake au dada yake, na mume huja mchana kusalimu. Tunasema kwamba anatafuta fedha, na mara nyingi ni kweli, maana gharama za hospitali zimefilisi nyumba nyingi. Hata hivyo ahadi ya altareni ilitamkwa na wawili, wala haikusema kwamba usiku ni wa mwanamke. Kijana wa kiume anayesoma ukurasa huu ajiulize mapema kama anajua kupika uji.

Wala mlinzi asiachwe peke yake. Anayelala sakafuni miezi miwili naye huchoka, huugua, hukata tamaa, na watoto nyumbani hubaki bila mkubwa. Yule mwenye kupooza katika Injili ya Marko alibebwa na watu wanne. Jumuiya hai zetu na vikundi vya vijana vyaweza kupokezana usiku mmoja mmoja ili mama alale kitandani mwake, kuteka maji, kuwasindikiza watoto shuleni, kuchanga kidogo kwa ajili ya dawa. Haya hayahitaji mradi wala barua. Yanahitaji orodha ya majina na watu wanaotimiza zamu zao.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika familia zetu, ni nani aliyewahi kukaa hospitalini muda mrefu na mwenzi wake? Tumekwisha kumwuliza aliyoyapitia?
2. Je, kuna mgonjwa anayefichwa karibu nasi kwa sababu ya hofu au aibu? Tutamsaidiaje afike kwa daktari bila kutengwa na wake?
3. Juma hili, ni mlinzi gani wa mgonjwa tutakayempumzisha usiku mmoja, na nani ataanza zamu?

Ee Bwana Yesu, uliyewaomba rafiki zako wakeshe nawe nao wakasinzia, uwape nguvu wanaokesha usiku huu kando ya vitanda vya wapendwa wao. Nasi utuamshe twende kuketi nao. Amina.